Pesa za kodi zilipoingia nilidhani ni zetu

Ilikuwa alfajiri ya Jumatano, mwisho wa Februari 2019. Nimetoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee ninakofanya kazi, nimekaa ndani ya gari, sijawasha hata injini. Nikafungua programu ya benki kwenye simu. Dola 6,384. Marejesho ya kodi, ile ambayo sisi Waswahili wa Marekani tunaiita rifandi, yalikuwa yameingia. Nililia pale pale kwenye maegesho, maana mwaka uliokuwa umepita ulikuwa umetukamua. Kabla sijafika nyumbani nilikuwa nimeshazigawa pesa zote kichwani. Ilipofika Jumapili zilikuwa zimebaki dola 434.

Kumbe zile pesa, sehemu yake kubwa, hazikuwa zetu za kutumia. Naandika haya kwa sababu najua wenzangu wengi wako ndani ya mpango wa kulipa madeni mahakamani na hawamwambii mtu, kama sisi tulivyokuwa hatumwambii mtu.

Nianze tulikotokea. Tunaishi Texas, karibu na Dallas. Mume wangu, Baba Rehema, ni dereva wa malori. Mwishoni mwa 2017 aliumia mgongo, akafanyiwa upasuaji, akakaa miezi minane bila kazi. Mshahara wangu peke yangu haukutosha mkopo wa nyumba, gari, chakula cha watoto watatu na bili za hospitali. Tukaanza kuzungusha kadi za mkopo, hii inalipa ile. Tukakosa malipo ya nyumba miezi saba. Siku moja ikaja barua ya rejista: nyumba itauzwa kwa mnada Jumanne ya kwanza ya Oktoba 2018, tarehe 2, kwenye jengo la mahakama ya kaunti. Texas minada ya nyumba hufanyika Jumanne ya kwanza ya kila mwezi, na kwa mikopo mingi ya nyumba mkopeshaji hahitaji kwanza kukushtaki. Anatuma notisi, siku 21 zikipita nyumba inanadiwa. Mimi nilikuwa nadhani kuna hakimu atakayetusikiliza kwanza. Hakuna.

Tarehe 27 Septemba, Alhamisi, wakili wetu alifungua kesi ya kufilisika chini ya Sura ya 13. Kwa asiyejua: Sura ya 7 ni ile ambayo mali isiyolindwa na sheria inauzwa na madeni mengi yanafutwa ndani ya miezi michache. Sura ya 13 ni ya mtu mwenye kipato. Unabaki na nyumba na gari, na unalipa kila mwezi kwa msimamizi kwa miaka 3 hadi 5, yeye anagawa kwa wadai. Mara kesi inapofunguliwa sheria inawazuia wadai wote palepale, na mnada unasimama. Ada ya mahakama ilikuwa dola 310 wakati ule. Gharama kubwa ya wakili iliingizwa ndani ya mpango. Kipato chetu kilikuwa chini ya kile cha kati cha jimbo, kwa hiyo tungeweza kwenda miaka 3, lakini tuliomba 5 ili malipo ya mwezi yawe madogo. Yakatoka dola 745 kwa mwezi kwa miezi 60, na juu yake mkopo wa nyumba wa kila mwezi kama kawaida.

Kabla ya kufungua kesi tulitakiwa kufanya kozi fupi ya ushauri wa madeni, na kabla ya kikao cha wadai ritani zote, yaani fomu za kodi za kila mwaka, za miaka minne iliyopita ziwe zimewasilishwa. Hilo la ritani watu hulichukulia kimzaha. Tulikuwa hatujawasilisha ya 2016, na wakili alitukimbiza wiki mbili nzima kuipata kabla ya kikao cha wadai, kwa sababu bila hiyo kesi ingeweza kuanguka kabla haijasimama.

Kile kikao chenyewe nilikiogopa kuliko nilivyoogopa kujifungua. Kilichukua dakika kumi. Chumba cha kawaida, meza, kinasa sauti, msimamizi na faili letu. Tukaonyesha vitambulisho na kadi za usalama wa jamii, tukala kiapo. Hakuna mdai hata mmoja aliyefika. Kama Kiingereza chako hakijakaa sawa, omba mkalimani mapema kupitia wakili. Ni bure, wanapigiwa simu, na Kiswahili kinapatikana. Msimamizi aliuliza kama tuna mali nje ya Marekani. Nilitaka kunyamaza. Tuna kiwanja Muheza, cha urithi wa baba yangu, na nilikuwa nimemwambia wakili siku mbili tu kabla, baada ya yeye kunieleza kwamba sheria inahesabu mali popote ilipo duniani, na kwamba kuapa uongo juu ya kiwanja cha thamani ndogo kungeharibu kesi nzima. Tukakitaja. Thamani yake ikahesabiwa katika mpango, na kiwanja kiko vile vile mpaka leo, na minazi yake.

Kwa hiyo nilikuwa nimejifunza kusema kweli mbele ya msimamizi. Nyumbani na kwa ndugu sikuwa nimejifunza bado, na huko ndiko kosa la rifandi lilikozaliwa.

Nyaraka tulizosaini zilikuwa rundo. Mahali fulani katikati kulikuwa na aya moja: kila mwaka tukiwa ndani ya mpango, tutampa msimamizi nakala ya ritani, na marejesho ya kodi yanayozidi dola 2,000 tutayakabidhi kwake. Ofisi ya wakili iliisoma aya ile kwa sauti, sisi tukaitikia. Lakini Septemba ile mimi nilikuwa nasikia neno moja tu, nyumba.

Sasa niseme jambo ambalo laiti mtu angenishika mkono akanieleza. Ukiwa ndani ya Sura ya 13, kipato unachopata baada ya kufungua kesi nacho kiko chini ya macho ya mahakama, na marejesho ya kodi ni kipato chako ulichokatwa zaidi ukarudishiwa, pamoja na nafuu za serikali za watoto na za wenye kipato kidogo. Namna ya kuyashughulikia haifanani kila mahali. Kuna wasimamizi wanaotaka yote, kuna wanaoacha kiasi fulani kama wetu, kuna mahali nafuu ya watoto inaachwa nje. Kwa hiyo aliye Ohio asikuambie wewe wa Texas ufanye nini, na mimi pia usinifuate kwa tarakimu. Chukua mpango wako uliothibitishwa na mahakama, tafuta neno linalohusu marejesho ya kodi, lipigie mstari, lipige picha, liwe kwenye simu yako. Usipoliona, muulize wakili kwa maandishi na jibu lihifadhi.

Mimi sikufanya hivyo. Ile Jumatano mdogo wangu Mwanaidi alikuwa ameshapiga simu mara nne usiku. Mama alikuwa ameanguka bafuni, Tanga, nyonga imevunjika. "Dada, daktari anasema asipofanyiwa operesheni wiki hii atalala kitandani moja kwa moja." Ningesema nini? Hakuna mtu Tanga aliyejua kwamba tumefilisika. Kwao mimi ni dada wa Marekani mwenye nyumba ya ghorofa. Sikuweza kumwambia kwamba pesa zipo kwenye akaunti lakini siruhusiwi kuzigusa, na ukweli ni kwamba mwenyewe sikukumbuka kwamba siruhusiwi. Nikatuma dola 2,600 asubuhi ile ile.

Dola 1,500 zikaenda kwenye mchezo, yaani upatu wa kuchangiana na kupokea kwa zamu. Tulikuwa wanawake kumi, kila mwezi dola 500, na mimi nilikuwa nimepokea mapema, Mei 2018, nikazimaliza kwenye bili za hospitali. Baada ya hapo nikaanza kukwama. Kijumbe wetu, yule anayekusanya pesa za mchezo, mama mtu mzima anayeheshimika, alikuwa akinifichia aibu kwa kuziba pengo langu kutoka mfukoni kwake. Yule mama nilimpelekea mkononi, ndani ya bahasha. Bima ya gari na matairi, 900. Meno ya mtoto na vitu vya shule, 950. Sikununua hata kitambaa. Nalisema hili kwa sababu watu hudhani anayetumia pesa za msimamizi amekwenda kuponda raha.

Aprili ikaja barua ya ofisi ya msimamizi ikiomba nakala ya ritani. Nikatuma, roho safi kabisa. Mei ikaja nyingine, nene zaidi. Baba Rehema ndiye aliyeifungua, kwenye meza ya jikoni, mimi nakata vitunguu. Akasoma, akanyamaza, akaisogeza upande wangu kwa kidole. Msimamizi alikuwa ameiomba mahakama ifute kesi yetu kwa kushindwa kukabidhi dola 4,384.

Nilijua kesi ikifutwa maana yake nini. Zuio linaondoka, mkopeshaji anarudi kwenye kalenda yake ya Jumanne ya kwanza. Unaweza kufungua kesi mpya, lakini ukifungua ndani ya mwaka mmoja baada ya ile kufutwa, zuio linadumu siku 30 tu mpaka uishawishi mahakama iliendeleze. Na wakili analipwa upya. Usiku ule tuligombana kama hatujawahi kugombana. Yeye akiniuliza kwa nini nilituma Tanga bila kumwambia, mimi nikimuuliza kwa nini naye hakuisoma ile aya. Rehema, wakati ule ana miaka 13, alikuwa amekaa kwenye ngazi anasikiliza. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko dola.

Wakili hakunifokea. Aliuliza zimekwenda wapi, nimpe ushahidi wa kila kitu: risiti ya kutuma pesa, karatasi ya hospitali ya Bombo aliyopiga picha Mwanaidi, risiti ya matairi. Tulipofika kwenye mchezo akasimamisha kalamu. Akauliza kama wale wanawake niliwaandika kama wadai wakati wa kufungua kesi. Sikuwaandika. Kwangu mimi mchezo haukuwa deni la benki, ulikuwa ni heshima baina ya watu. Kwa sheria ni deni kama deni lingine, na mtu aliye kwenye Sura ya 13 hachagui mdai wa kumlipa pembeni kwa sababu ni rafiki yake. Ikabidi orodha irekebishwe, na majina ya wale akina mama tisa yaingie kwenye nyaraka za mahakama, kila mmoja apate barua nyumbani kwake.

Kabla barua hazijafika nilikwenda kwa kijumbe mwenyewe. Nilikaa kwenye kochi lake nikamweleza kila kitu, tangu mgongo wa Baba Rehema. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mwanangu, ungeniambia Septemba, nisingekuwa nakupigia simu ya pesa kila mwezi kama nakudai shari." Hakuna hata mmoja katika wale tisa aliyewasilisha dai mahakamani. Nilibaki nadaiwa dola 2,000, na kijumbe alikuwa ameshazifidia.

Wiki mbili kabla ya siku ya kusikilizwa, wakili alielewana na msimamizi. Zile 4,384 hazikusamehewa. Mpango ulirekebishwa, zikagawanywa katika miezi 51 iliyobaki, dola 86 kwa mwezi, kuanzia Julai 2019. Malipo yakawa 831. Marekebisho yenyewe yalitugharimu dola 400 za wakili. Tulibahatika, kwa sababu tulikuwa hatujawahi kukosa malipo ya mwezi hata mara moja, na wakili alisema hilo ndilo lililomlainisha msimamizi. Kama ungekuwa na malimbikizo juu ya kosa hili, sijui mazungumzo yangekwendaje.

Wengi hufikiri kila dola ya rifandi unayompa msimamizi inakupunguzia miezi. Nami nilifikiri hivyo. Kwetu haikuwa hivyo: marejesho yalikuwa nyongeza juu ya malipo ya kawaida, yalikwenda kwa wadai wasio na dhamana, watu wa kadi na hospitali, ambao mpango ulikuwa unawalipa sehemu tu. Mwisho wa mpango ulibaki pale pale. Muulize wakili wako swali hili hili siku ya kwanza, kwa sababu jibu lake ndilo litakuonyesha kama kuna faida yoyote ya kukatwa kodi kubwa kwenye mshahara.

Kwetu faida haikuwepo. Tulikuwa tumezoea, kama familia nyingi za kwetu huku, kuacha mwajiri akate kodi nyingi ili Februari tupate donge. Rifandi ndiyo iliyokuwa akiba yetu, nauli ya Tanzania, ada ya watoto wa kaka. Ndani ya mpango akiba ile inaishia kwa msimamizi, na mwezini unabaki huna hata pesa ya matairi. Wakili akatushauri turekebishe fomu ya W-4 kazini, makato yalingane na kodi halisi, pesa zije kidogo kidogo kwenye mshahara wa kila wiki mbili. Akasisitiza kwamba badiliko lile lifahamike, kwa sababu mshahara wa mkononi ukipanda na bajeti iliyoko mahakamani inaguswa.

Hapo nikafanya kosa la pili. Badala ya kukaa na kukokotoa, nilimsikiliza mwenzangu wa kazini aliyeniambia niandike namba kubwa ya misamaha kwenye fomu ili nikatwe kodi kidogo, maana fomu ya wakati ule ilikuwa bado na misamaha. Baba Rehema naye akafanya vivyo hivyo kwake. Miezi sita tulijiona matajiri kidogo. Tulipojaza ritani ya 2019, badala ya kurudishiwa tukadaiwa dola 612. Deni jipya la kodi katikati ya mpango ni jambo baya, maana ukiwa ndani ya kesi unatakiwa kulipa kodi mpya kwa wakati, la sivyo kesi inaweza kufutwa. Kilichotuokoa ni kwamba mwaka ule wa korona serikali ilisogeza tarehe ya mwisho kutoka 15 Aprili hadi 15 Julai 2020, tukapata miezi mitatu ya kuzikusanya. Baada ya hapo tulitumia kikokotoo cha makato kilicho kwenye tovuti ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, tukiwa na stabu zetu zote mbili, karatasi za mshahara, mezani, yangu na yake. Lengo letu likawa rifandi ndogo, chini ya ile 2,000 tunayoruhusiwa, wala si sifuri. Kila mwaka Julai tulirudia hesabu, kwa sababu saa za ziada za Baba Rehema zilikuwa zinaharibu kila kitu.

Mwaka ule ule wa 2020 zilikuja pesa za msaada wa korona, dola 1,200 kwa mtu mzima na 500 kwa mtoto. Safari hii sikugusa. Nilimwandikia wakili siku ileile. Jibu lilikuja baada ya siku mbili: sheria iliyotoa pesa zile ilizitoa nje ya kipato kinachohesabiwa katika Sura ya 13, tumieni. Nilisoma barua pepe ile mara tatu. Kuuliza kulinichukua dakika tano.

Mapema 2021 ndipo nilipojua kwamba hata zile za msimamizi unaweza kuziombea. Giaboksi ya gari langu ilikufa Januari. Bila gari sifiki kazini, na nisipofika kazini mpango unakufa. Kabla hata hatujajaza ritani nilikwenda kwa mafundi wawili, nikapata makadirio ya maandishi, la chini likiwa dola 1,850. Nikayapeleka kwa wakili pamoja na stabu za mshahara na maelezo ya nusu ukurasa kwa nini gari ni lazima. Akaomba tuzuie kiasi hicho kwenye marejesho. Ilichukua karibu wiki sita, na wiki hizo nilipanda gari la mfanyakazi mwenzangu kila siku, namlipia mafuta. Lakini ruhusa ilitoka. Rifandi mwaka ule ilikuwa 4,460: elfu mbili zetu, 1,850 za fundi, 610 kwa msimamizi. Risiti ya fundi tukaipeleka bila kuulizwa. Niligundua kwamba wanaangalia vitu vitatu: ni lazima au ni hamu, kuna karatasi au ni maneno, na uliomba kabla au baada. Gari, paa linalovuja, matibabu, mambo hayo yanaeleweka. Nyonga ya Mama pengine nayo ingeeleweka, angalau kwa sehemu. Sitajua, kwa sababu sikuomba.

Na bajeti ile ya mwanzo, ile unayoorodhesha matumizi ya mwezi, ina mstari wa pesa unazowapa watu unaowasaidia ambao hawaishi nawe. Mimi niliacha mstari ule wazi. Niliona aibu kuandika kwamba natuma Tanga dola 150 kila mwezi huku nadaiwa nyumba. Msimamizi anaweza kukuhoji juu ya kiasi, anaweza hata kukipinga, lakini usipoandika chochote maana yake umeiambia mahakama kwamba hutumi kitu, na kila senti utakayotuma itatoka kwenye chakula chako. Sisi tuliandika baadaye, kwenye marekebisho, tukaruhusiwa dola 100.

Kuhusu wanaojaza kodi, nitasema kwa ufupi lakini kwa uchungu. Kuna wanaokupa mkopo wa papo hapo juu ya rifandi yako inayokuja. Ukiwa kwenye Sura ya 13 usichukue. Huruhusiwi kukopa kienyeji bila idhini, na unakuwa umekopa juu ya pesa ambazo huenda si zako. Na kuna ndugu zetu wanaojaza sebuleni, wanaokuandikia wapwa walioko Dodoma au Kisumu kama tegemezi ili rifandi inone. Mtoto asiye raia wala mkazi wa kule kunakokubalika na sheria ya kodi haandikwi, hata kama ni wewe unayemlisha. Ritani yako inasomwa na msimamizi akiwa na faili lako lote mkononi, na wewe ndiye uliyeisaini.

Kilichotusaidia kuliko vyote kwa vitendo ni fomu ndogo ya IRS inayoitwa 8888. Inakuwezesha kugawa marejesho kwenye akaunti mbili au tatu tangu mwanzo. Tulifungua akaunti nyingine, haina kadi, haiko kwenye simu yangu, na sehemu ya msimamizi ikawa inaingia huko moja kwa moja. Nikiiona nambari kwenye skrini moyo unaanza kugawa; nisipoiona, haugawi. Kisha tunakwenda benki, tunachukua hundi ya benki, tunaandika nambari ya kesi juu yake, tunapiga picha, tunaituma kwa barua ya kufuatiliwa. Ofisi ya msimamizi wetu haikupokea hundi binafsi. Picha zote ninazo mpaka leo.

Na Mwanaidi nilimwambia. Ilikuwa Agosti 2019, baada ya mpango kurekebishwa, usiku wa manane kwake. Nilimwambia tumefilisika, nyumba nusura inadiwe, pesa za operesheni zilitaka kutufukuza. Alikaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika. Halafu akasema, "Dada, sisi tungeuza ng'ombe wale wawili wa Korogwe. Mama mwenyewe ndiye aliyesema tusikuombe, mimi ndiye niliyemkatalia." Ng'ombe walikuwepo muda wote. Tangu siku ile, Januari ikifika, namwambia mapema mwaka huu kuna kiasi gani na hakuna kiasi gani. Hakuna aliyenicheka Tanga. Mama anatembea kwa mkongojo na anaulizia mgongo wa mkwewe.

Malipo ya mwisho tuliyatoa Septemba 2023. Kulikuwa na kozi nyingine ya usimamizi wa fedha ya kumaliza kabla ya kufutiwa madeni, tofauti na ile ya mwanzo, na tuliifanya wiki za mwisho kwa kuhangaika, ifanyeni mapema. Amri ya kufutiwa madeni ilikuja kwa barua kabla ya Krismasi, karatasi chache tu, Baba Rehema akaibandika kwenye friji. Nilimuuliza wakili kuhusu rifandi ya mwaka ule, maana sehemu ya mwaka tulikuwa bado ndani ya mpango. Akaangalia maneno ya mpango wetu, akasema itakayoingia sasa ni yenu.

Iliingia Februari 2024, dola 2,140. Nilimuuliza wakili swali moja la mwisho, kama naruhusiwa kulipa deni ambalo sheria imeshalifuta. Akasema mtu akitaka mwenyewe, kwa hiari yake, hakuna anayemzuia. Jumamosi nikatoa elfu mbili, nikaenda kwa kijumbe. Aliniambia nisifanye hivyo, nina watoto. Nikaiacha bahasha mezani. Akainuka, akaleta daftari la mchezo wa 2018, jalada limechakaa, akalaza kidole kwenye jina langu, akavuka miezi minne iliyokuwa wazi mmoja mmoja, akaweka alama kwa kalamu ya bluu kwenye kila mmoja.